KATAPILA LA KUNI

(Mazungumzo yaliyotolewa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, ndani ya bwalo la shule. Msemaji alisoma hapa kuanzia 1994 hadi 1997, na sasa ni mtumishi wa serikali.)





Kamati iliponiandikia ilinitaka nizungumze juu ya uwajibikaji katika utumishi wa umma. Nilikubali, nikaandika kurasa nne, nikazisoma usiku, nikasinzia mwenyewe. Wiki ileile nikapata barua ya pili kutoka kwa Katibu, nayo ilikuwa na swali dogo tu. Alisema kwamba mnunuzi wa vyuma chakavu amefika shuleni akitaka kulichukua lile katapila kuukuu lililolala nyuma ya banda la kuni, na kwa kuwa mimi nilisomea uhandisi wa kilimo pale Sokoine, Morogoro, Chama kingependa ushauri wangu. Basi nimeziacha zile kurasa nne nyumbani, nami nitalijibu swali la Katibu.

Jibu la ofisini ni fupi. Mali ya shule ya serikali haiuzwi kwa kupatana na mtu mlangoni. Huorodheshwa, ikakaguliwa, ikaombewa kibali cha kuondolewa, ndipo ikapigwa mnada. Huyo bwana wa vyuma chakavu aambiwe hivyo, na kama atakasirika, akasirike. Lakini Katibu aliuliza pia kama lile katapila bado lina faida yoyote, na hapo ndipo jibu langu litakapokuwa refu kidogo.

Wadogo zetu wengi hamjapata kuliona likienda. Mnaliona kama jabali la kutu ambalo kuku wa jikoni hutagia chini yake. Sisi tulilisikia kila Jumamosi alfajiri, kabla ya kengele. Kwanza husikika injini ndogo ikilia kwa sauti nyembamba kama pikipiki mbovu, kisha kimya cha kitambo, kisha sauti nzito inayotikisa vioo vya bweni. Hapo tulijua kwamba Mzee Kabari amekwisha lipanda, na kwamba zamu ya kuni haina ujanja tena, lazima iamke.

Lile ni Caterpillar D4, la muundo uliotoka kiwandani miaka ya mwanzo baada ya Vita Kuu ya Pili. Uzito wake ni kama tani 5. Tulipokuwa wanafunzi tuliambiana kwamba lilitoka Kongwa, lakini Tanzania hii kila katapila kuukuu husemwa kuwa lilitoka Kongwa, kama vile kila mzee alivyopigana Burma. Hata hivyo habari za Kongwa zinafaa kukumbukwa. Mwaka 1947 Waingereza walianza kule mpango wao wa karanga, wakikusudia kulima ekari zaidi ya milioni 3, nyingi zikiwa za Tanganyika. Walileta matrekta ya kila namna, mengi yakiwa masalia ya vita yaliyokwisha choka. Vifaru vya Sherman vilivuliwa mizinga vikageuzwa matrekta, vikapewa jina la Shervick. Ardhi ya Kongwa wakati wa kiangazi huwa ngumu kama tofali, na mashine zile zilikufa moja baada ya moja. Mwaka 1951 serikali yao ikauacha mpango, na zaidi ya paundi milioni 35 zikafutwa vitabuni. Mashine zilizobakia zilitawanyika.

Mtu anaweza kuuliza, kwa nini minyororo na si magurudumu? Sababu yake ilionekana huko California mwanzoni mwa karne iliyopita. Wakulima wa bonde la San Joaquin walikuwa na udongo laini mno, na matrekta yao ya mvuke yalizama. Walijaribu kuongeza upana wa magurudumu mpaka yakawa kichekesho. Mwaka 1904 Benjamin Holt wa mji wa Stockton akayaondoa magurudumu ya nyuma, akaweka minyororo yenye mbao, na trekta likatembea juu ya tope. Mwaka 1925 kampuni yake na ile ya Best ziliungana zikawa kampuni ya Caterpillar, na mwaka 1931 wakaanza kuuza trekta la dizeli. Siri yake ni kugawa uzito. Tani 5 zikilazwa juu ya minyororo miwili mirefu, haziikandamizi ardhi kwa nguvu kuliko mtu anavyoikandamiza kwa nyayo zake akisimama. Ndiyo maana katika msitu wetu wa mikaratusi, ambako lori la shule lilikwama hata wakati wa kiangazi, katapila lilipita katika ukungu wa Juni na matope ya Machi bila kujali.

Kazi yake ilikuwa moja tu: kuyatoa magogo msituni na kuyaleta bandani. Shule ilikuwa na wanafunzi 600 na zaidi. Ugali wao, maharage yao na uji wao wa asubuhi vilipikwa kwa kuni, na matrela mawili ya kuni yalimalizika kila wiki. Wakubwa wetu waliosoma hapa miaka ya sabini watakumbuka kwamba Elimu ya Kujitegemea iliyotangazwa na Mwalimu Nyerere mwaka 1967 ilifanya kazi za namna hii kuwa sehemu ya masomo. Wakati wetu siasa yake ilikuwa imefifia, lakini sufuria hazikujua kwamba siasa imefifia.

Nieleze jinsi lilivyowashwa, maana wengi hamtapata kuliona tena jambo hili. Injini kubwa ya dizeli haina stata ya umeme. Ina injini ndogo ya petroli ya silinda mbili iliyokaa ubavuni. Unaizungushia kamba, unavuta kwa mkupuo mmoja, na kama umebarikiwa inawaka kwa mara ya tatu. Unaiacha ichemke. Maji yake ya kupoza ndiyo maji ya injini kubwa, na moshi wake hupitishwa mahali hewa ya injini kubwa inapoingilia, kwa hiyo ile ndogo humpasha moto mkubwa wake kabla ya kumwamsha. Kisha unavuta mkono wa kuachia pumzi, ili silinda za dizeli zisikaze, unaiunganisha ile ndogo na kubwa, nayo huizungusha polepole mpaka mafuta yapande kila mahali. Ndipo unaufunga mkono wa pumzi, unafungulia dizeli, na moshi mweusi unapanda juu kuliko mikaratusi. Mzee Kabari alisema kwamba mtu aliyebuni jambo hili lazima alikuwa na watoto, kwa sababu anajua namna ya kumwamsha aliyelala bila ugomvi.

Jina lake lilikuwa jingine. Kabari tulimpa sisi kwa sababu ya kabari za chuma alizozibeba mfukoni. Alikuwa mtu mfupi, mwenye koti la mvua la kijani ambalo hakulivua hata jua likiwaka. Alitufundisha mambo ambayo baadaye niliyakuta katika vitabu vya chuo kikuu yakiwa yameandikwa kwa maneno marefu zaidi. Alitufundisha kwamba mkaratusi hupasuliwa ungali mbichi, kwani ukikauka nyuzi zake hushikamana na shoka hurudi usoni. Lakini uchomwe mkavu, kwa sababu gogo lililokatwa leo karibu nusu ya uzito wake ni maji, na ukiliingiza jikoni utatumia moto wako kuchemsha maji ya mti kabla ya kuchemsha ya uji. Kwa hiyo alipanga kuni kwa misimu. Tulizovuta mwaka huu ziliivisha maharage ya mwaka ujao. Wapishi walimheshimu kwa hilo kuliko walivyomheshimu Mwalimu wa Zamu.

Alitufundisha kufunga gogo kwa upande wa shina, upande mnene, na kuliweka kichwa chake juu ya bamba la chuma lililopindwa mbele kama ulimi wa mtumbwi, lisichimbe ardhi. Mnyororo wa kuvutia alifunga kwenye ndoano ya chini peke yake. Siku moja kijana mmoja wa zamu alitaka kuufunga juu zaidi, kwenye chuma cha kiti, ili gogo linyanyuke vizuri. Mzee hakumgombeza. Alichukua kijiti na uzi, akamwonyesha jinsi trekta linavyoweza kusimama kwa nyuma kama farasi na kumlalia dereva endapo gogo litanasa kwenye kisiki. Tulinyamaza kimya. Alikataza pia kukata mteremko kwa ubavu. Katapila lipande moja kwa moja au lishuke moja kwa moja. Na kila mwisho wa kiangazi alituchimbisha vijitaro vya mshazari katika njia ya magogo, maji ya mvua yatoke pembeni. Tulinung'unika sana. Nendeni leo mkaitazame njia ile. Tangu vijitaro vilipoachwa imekuwa korongo ambalo ng'ombe anaweza kupotelea ndani.

Ndugu Mwenyekiti, sasa nifikie usukani, ambao ndio uliosababisha nisimame hapa.

Katapila halina usukani wa duara. Lina mikono miwili ya chuma mbele ya dereva, mmoja wa kulia na mmoja wa kushoto. Ukiuvuta wa kulia, unaukata mnyororo wa kulia usipate nguvu ya injini. Wa kushoto unaendelea kusukuma, na mashine inakwenda kulia. Ukitaka kona kali unakanyaga na breki ya upande uleule. Mtoto mdogo anaweza kujifunza kwa asubuhi moja. Lakini hiyo ni kanuni ya tambarare na ya kupanda. Mkiwa mnashuka, na magogo nyuma yanasukuma, mambo hugeuka. Wakati huo injini haivuti tena, inazuia. Ukiuvuta mkono wa kulia bila breki, mnyororo wa kulia unaachiliwa, unakimbia mbele kwa uzito wa mzigo, na wa kushoto umezuiwa na injini. Mashine inakwenda kushoto. Umevuta kulia, nayo imekwenda kushoto. Anayejua huvuta mkono wa upande wa pili, au hukanyaga breki pamoja na mkono. Asiyejua huvuta zaidi upande uleule, na kila anavyovuta ndivyo anavyopotea.

Mzee Kabari aliniambia jambo hili. Aliniambia zaidi ya mara moja. Alikuwa akiniruhusu kuendesha uwanjani, kwenye tambarare, kwa kuwa aliona napenda mashine. Kwenye mteremko hakuniruhusu hata siku moja. Alisema, "Mwanangu, kushuka utajifunza ukimaliza shule."

Mwezi wa Agosti 1996, nikiwa kidato cha tatu, tulikuwa tukishusha magogo matatu kutoka juu ya msitu. Tulipofika kwenye bega la mlima, Mzee aligundua kwamba ndoano moja ya akiba imesahauliwa kule juu. Aliisimamisha mashine, akaiacha ikinguruma polepole, akafunga breki, akaniambia nikae karibu na mtu yeyote asiiguse. Akapanda kwa miguu. Tulikuwa vijana 6. Nilingoja dakika tano, labda sita. Kisha nikapanda kitini.

Hakuna aliyenituma. Baadhi ya wenzangu walicheka na kushangilia, lakini hakuna aliyenituma. Nilitaka wanione nikiliteremsha.

Kwa hatua kama hamsini za kwanza nilikuwa mfalme. Kisha njia ikazidi kuinama, magogo yakaanza kusukuma, na pua ya katapila ikaelekea kushoto, penye mtaro. Nikauvuta mkono wa kulia. Likazidi kwenda kushoto. Nikauvuta kwa mikono yote miwili. Nilisahau breki, nilisahau klachi kuu, nilisahau kila neno la yule mzee. Katapila likaingia mtaroni likasimama ghafula, na magogo hayakusimama. Moja liliteleza likapita upande wa kushoto, na huko ndiko alikokuwa akitembea mwenzangu, mwenye mtaimbo wa kuongozea magogo. Lilimbana mguu kwenye ukingo wa udongo.

Tulilala dabodeka moja, yeye juu, mimi chini. Alikuwa winga wa kulia wa timu ya shule. Mguu ulivunjika mahali pawili, na ulipopona ulikuwa mfupi kuliko mwenzake. Yumo humu bwaloni leo. Ameniruhusu kusema haya, ila aliniomba nisimtaje jina, na nisiseme kwamba alilia, kwani anadai aliyelia ni mimi. Ni kweli.

Mzee Kabari alisikia mlio wa injini umebadilika, akaja mbio kutoka juu. Sijapata kumwona mtu wa umri ule akikimbia vile. Alipanda kitini, akalirudisha nyuma kidogo, akashuka, akafungua mnyororo, akapanda tena, akalivuta lile gogo kwa ustadi ambao hata leo nikiufikiria napata ubaridi, maana kosa la nusu mita lingeukata mguu. Tulimbeba mwenzetu kwa ubao wa trela mpaka barabarani.

Jioni ile tuliitwa mmoja mmoja. Mzee aliitwa wa kwanza. Kabla ya kuingia alinipitia pale nilipokaa kwenye ngazi, akanong'ona, "Wewe una mtihani mwaka kesho. Nyamaza." Alipotoka alikuwa amekwisha kusema kwamba mwendeshaji alikuwa yeye. Nilipoingia mimi niliulizwa kama ni kweli dereva ndiye aliyekuwa kitini. Nikasema ndiyo.

Wenzangu wanne waliobakia waliulizwa vivyo hivyo, nao wakasema ndiyo, kwa sababu walikwisha nisikia mimi. Siwalaumu. Wawili kati yao wamo humu, na jana usiku tulikaa pamoja tukayazungumza kwa mara ya kwanza. Mwenzangu wa mguu alikuwa hospitalini; alipoulizwa wiki mbili baadaye, jambo lilikuwa limekwisha amuliwa.

Mzee Kabari aliachishwa kazi mwezi uliofuata, kwa uzembe. Alikuwa amefanya kazi miaka 19. Hakupewa kitu isipokuwa mshahara wa mwezi ule. Alirudi kijijini kwake, ng'ambo ya mto, akalima viazi. Nilifaulu mtihani wa kidato cha nne, nikaenda kidato cha tano na cha sita, nikaenda Sokoine, nikapata kazi. Mara mbili nilimpelekea fedha kwa mkono wa mtu, bila barua. Sikwenda mwenyewe hata mara moja, ingawa kazi yangu ilinipitisha katika barabara hii pengine mara kumi. Alifariki dunia mwaka 2009. Nilisikia habari hizo mwaka mmoja baadaye, tena kwa bahati, nikinunua viazi.

Ningeweza kuendelea kunyamaza. Kilichoniamsha ni hii barua ya Katibu. Mwezi wa tatu mwaka huu nilikuja kulikagua katapila, kama nilivyoombwa. Nilipokuwa chini yake nikipima minyororo, mama mmoja alinijia, akanisalimu, akaniuliza kama nataka kulinunua. Nikasema hapana, nalitazama tu. Akasema, "Hili lilikuwa la baba yangu." Tukazungumza. Katika mazungumzo alisema jambo ambalo sikulijua. Alisema kwamba huko kijijini, tangu siku zile, ilivuma kwamba baba yake aliendesha akiwa amelewa. Watoto wake wamekua wakisikia hivyo. Wadogo zake wawili walipigana shuleni kwa ajili ya neno hilo. Yeye mwenyewe alimwuliza baba yake siku moja, naye akamjibu kwamba hajapata kuonja pombe siku ya kazi, na kwamba yaliyopita yamepita. Basi, yule mama akaniuliza mimi, mtu mwenye kalamu na karatasi, kama mashine yenyewe inaweza kuonyesha lilikuwa kosa la nani.

Ndugu zangu, nilikuwa nimeshika futi ya kupimia. Niliiweka chini nikamweleza pale pale. Hakusema neno kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza kwa nini sikwenda kumwambia alipokuwa hai. Sikuwa na jibu, na sina hadi leo.

Leo amekubali kuja. Ameketi pamoja na wapishi, safu ya tatu. Mama, haya niliyokuambia pale bandani sasa nayasema mbele ya watu: baba yako hakuwa kitini. Hakuwa amelewa. Alikuwa amepanda mlima kutafuta ndoano. Aliyekuwa kitini ni mimi.

Ndugu Mkuu wa Shule, katika jalada la mwaka 1996 limeandikwa "uzembe wa dereva". Nimeandika barua ya kurasa mbili inayoeleza yaliyotokea, imetiwa saini na mimi na wenzangu watatu, akiwamo aliyeumia. Naomba iwekwe katika jalada hilo hilo, mbele ya ile karatasi nyingine, ili atakayelifungua asome yetu kwanza. Nakala moja imeenda kwa ofisi ya kijiji chake. Habari za mafao ya miaka 19 nimezifuatilia kwa kadiri ninavyozijua njia za ofisini, nazo ni njia ndefu. Yale niliyopatana na familia kwa upande wangu si ya kusomwa mkutanoni.

Tulirudie swali la Katibu. Je, katapila lina faida? Mnajua kwamba mwaka 2024 taifa lilizindua Mkakati wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye shabaha kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi, na taasisi kubwa kama shule zimetakiwa zitangulie. Jiko letu sasa lina gesi. Wapishi wameniambia kwamba kifua kimepona, na kwamba ugali wa gesi hauna ladha ile. Yote mawili nayaamini. Kwa hiyo kuni za shule zimefikia mwisho wake, na hakuna sababu ya kulifufua katapila kwa kazi hiyo. Mikaratusi yenyewe ina faida zaidi ikiuzwa kuwa nguzo, na atakayeivuna atakuja na mashine zake.

Nililikagua kwa siku mbili. Injini kubwa haikukwama. Nimezungusha kwa mkono, inazunguka. Maji yalikuwa yamekauka lakini bloku haikupasuka. Pini na bushi za minyororo zimelika sana upande mmoja. Zamani karakana zilizitoa zikazigeuza, upande mzima ukaja kazini, na zikatumika tena miaka. Hizi zimekwisha geuzwa mara moja, alama za nyundo zinaonekana, na nadhani najua nyundo ilikuwa ya nani. Kuzibadilisha zote kunagharimu fedha ambazo Chama hakina, na ambazo zingefaa zaidi kununulia vifaa vya maabara. Ushauri wangu ni kwamba lisiuzwe na lisitengenezwe likafanye kazi. Lisogezwe kwa nguvu zake lenyewe kutoka nyuma ya banda mpaka pale kwenye kivuli karibu na karakana, mita 80 tu, kwenye tambarare, liwekewe paa la bati. Wanafunzi wa fizikia walifungue walione. Mwalimu wa Fizikia ameniambia kwamba kanuni ya wenzo huifundisha kwa kuchora ubaoni. Pale atakuwa na wenzo wa tani 5. Kama Chama kitaona vingine, utaratibu wa mnada nimekwisha ueleza, nami sitanuna.

Na kama paa hilo litajengwa, kuna ombi la familia, si langu. Wanaomba liandikwe jina lake, lile la kweli. La Kabari walikuwa hawalijui mpaka nilipowaambia, na wamelicheka, lakini hawalitaki kwenye bati.

Jana mimi na mwenzangu wa mguu tulitia dizeli, tukasafisha kabureta ya ile injini ndogo, tukabadilisha oili. Iliwaka kwa mvuto wa saba. Ile kubwa hatukuijaribu, tumeiacha ya leo. Petroli lita 2 ipo, kamba ni mpya. Baada ya chakula, saa tisa, wanaopenda waje nyuma ya banda la kuni, wasimame upande wa kulia, mbali na minyororo. Nitavuta kamba mimi. Mwenzangu ndiye atakayekaa kitini. Amelitaka hilo yeye mwenyewe, nami sikumbishia.